Mashine Hii Haipigwi Window

Kuna maneno mawili ambayo mpaka leo mtu akiyatamka mbele yangu damu inanichemka. La kwanza ni "mtandao hamna." La pili ni "tupige window." La kwanza ni la mvivu aliyekaa, na la pili ni la mvivu aliyebeba begi. Mtu wa kwanza hajaangalia hata kama waya wa simu umechomekwa. Wa pili hajui ugonjwa ni nini, kwa hiyo anafuta kila kitu kilichomo kwenye kompyuta na kuanza upya, halafu anakupa mkono kwa pongezi.

Nilianza kuwa mkali hivi mjini, Ngarenaro, miaka ya soko huria. Kabla ya hapo nilikuwa mchapaji katika shirika moja la umma. Shirika likauzwa, wachapaji tukaitwa ofisini na kuambiwa tumepunguzwa, kana kwamba sisi ni matawi ya mibuni. Wenzangu wengi walirudi kwao kulima. Mimi niligoma. Vidole vyangu vilikuwa vinajua herufi zote gizani, na sikuona kwa nini vikashike jembe kwa sababu tu mtu fulani amenunua jengo.

Pale Ngarenaro kulikuwa na mfanyabiashara wa Kichaga aliyeuza spea za magari. Kila mtu alimwita Mangi, na mimi pia nilimwita hivyo. Mangi alikuwa amenunua kompyuta na printa kwa sababu alisikia ndiyo biashara inayokuja, lakini hakujua aifanyie nini, ikakaa imefunikwa kitambaa kati ya mafuta ya breki na mikanda ya feni. Nikamwambia anipe kona ile. Akaniuliza kama nimesomea kompyuta. Nikamjibu kwamba yeye naye hakusomea gia boksi na anaziuza. Alicheka, akanipa kona.

Laini ya simu ilikuwa moja, ya dukani. Mtu akinyanyua mkono wa simu kule mbele kuagiza spea, huku nyuma intaneti inakatika, na mteja wangu anageuka kunitazama kama mimi ndiye mwizi. Hilo lilikuwa tatizo dogo. Kulikuwa na waliokuja na anwani ya barua pepe iliyoanza na www, na ukiwaambia waiondoe wanakataa, maana ndivyo ilivyoandikwa kwenye kadi. Kulikuwa na waliosahau neno la siri, kumbe hawajasahau kitu, ni kitufe cha herufi kubwa kimebonyezwa. Wengine walifungua ukurasa wa matokeo ya mtihani wakaona ni uleule wa wiki iliyopita, wakaanza kulaani serikali, wakati kompyuta ilikuwa imewaletea kiporo ilichokihifadhi tumboni. Niliwabonyezea kitufe cha kuleta ukurasa upya, wakauona mpya. Mzee mmoja aliyeshuka kutoka Oldonyo Sambu kufuatilia chanjo za ng'ombe wake alizima kioo tu kila alipomaliza, akaaga, akaamini ameizima mashine yote. Sikumsahihisha kamwe. Alikuwa anaaga vizuri kuliko wateja wote.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba sikuwa mtu wa kushindwa na kompyuta. Kila tatizo lina mlango wake. Unauliza jana lilikuwepo? Limeanza lini? Ni nani alishika nini? Ukienda taratibu unafika.

Mangi hakuwa na taratibu. Siku moja waya wa simu uligugunwa na panya nyuma ya rafu, intaneti ikafa, na kabla sijainama kuutazama yeye alikwishamwita fundi. Fundi alikuwa kijana mtanashati mwenye begi la sidii, na ndani ya dakika chache za kuingia akatamka lile neno langu la pili. Alipiga window. Barua zote zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye programu ya barua pepe tuliyokuwa tukitumia, za wateja na zangu, zikaenda na maji. Mwalimu mmoja alikuwa na barua za mchumba wake humo. Baada ya hapo intaneti bado haikuja, ndipo nikainama nikauona waya.

Fundi hakuirudisha ile programu. Alisema imepitwa na wakati, siku hizi watu wanasoma barua zao humohumo kwenye mtandao, unafungua ukurasa tu na unaona kila kitu. Nikakubali kwa sababu kazi ilikuwa imelala na watu walikuwa nje wanasubiri.

Sasa nieleze habari ya mdogo wangu, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wa mama yetu, alikuwa Ulaya kwa masomo. Mama alikuwa Nkoaranga, kijijini kwetu mlimani, kwenye migomba na kahawa yake, mahali ambapo simu haikuwa imefika. Kwa hiyo mimi nilikuwa posta yao. Mdogo wangu anatuma barua pepe, mimi naisoma kwenye kioo, naiprinti, naikunja na kumpelekea mama au kumpa mtu wa kanisani anayepanda. Mama anavaa miwani yake ya kusomea tenzi, anaisoma mwenyewe, anaandika majibu kwa penseli, nami nayachapa. Ilikuwa inakwenda vizuri kabisa.

Baada ya ile siku ya window, majibu ya mama yakakoma.

Nilimuuliza, akasema atajibu. Nikamuuliza tena, akasema kahawa inaiva, atajibu. Kipindi hichohicho mdogo wangu alianza kuandika habari za msichana wa hukohuko Ulaya. Kwanza alimtaja kwa mbali, halafu kwa karibu, halafu akasema wazi kwamba wanataka kuoana na anaomba neno la mama. Mama kimya. Akaandika tena, mama kimya. Mwishowe akaniandikia mimi dada yake: siku ya ndoa imepangwa, haiwezi kusogezwa kwa sababu ya vibali vyao, na kama mama hatasema neno basi ataelewa kwamba amekataliwa yeye na mke wake, na hataturudia tena kutusumbua. Mdogo wangu si mtu wa kutishia. Alikuwa ameumia, na alimaanisha.

Niliamini nimeelewa. Nilisema moyoni, mama hamtaki mkwe mzungu. Nikajiandaa kugombana naye.

Wiki hiyohiyo dukani pakawa na vita nyingine. Wateja walikuwa wananirudishia karatasi. Mmoja ameprinti barua ya kuitwa kazini, akapata karatasi yenye orodha ya vitufe vya pembeni tu, barua haimo. Mwingine amepata maandishi bila jina la aliyeyaandika. Niliwaambia wamebonyeza vibaya, wakaniambia printa ni mbovu, tukawa tunarushiana maneno mbele ya wanunuzi wa spea. Mangi akasikia. Akasema Jumatatu fundi anakuja, safari hii ataichukua mashine kabisa aipeleke kwake, akaipige window kwa utulivu, wiki nzima. Nikamkatalia. Akasema kompyuta ni yake. Hapo alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma, maana ndani ya wiki hiyo ndiyo kulikuwa na ile ndoa.

Jumapili nikapanda Nkoaranga. Nilishuka kwenye basi barabara kuu, nikakata juu kwa miguu, nikaipita hospitali, nikiwa napanga maneno. Nilimkuta mama ametoka ibadani, ameketi jikoni, ameshanitengea loshoro, yale mahindi yetu ya maziwa mgando. Nikamwamkia, akaitikia, nikala, kwa sababu kwa mama yangu huanzi ugomvi na tumbo tupu. Nilipomaliza nikamwambia yote. Nikamwambia kwamba mtoto wake anaoa mama akiwa hai lakini kama yatima, na kwamba ngozi ya binti wa watu si dhambi, na kwamba yeye mwenyewe anaimba kila Jumapili habari za mataifa yote kukutana mbinguni.

Mama aliniacha nimalize. Halafu akasema, "Nani amekwambia nimemkataa msichana?"

Nikamuuliza sasa mbona hajibu.

"Simjibu mtu asiyenisalimia."

Nilidhani sijasikia. Akarudia taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia. Akasema tangu mtoto wake apate huyo msichana amebadilika. Zamani barua yake ilianza na shikamoo. Sasa anaingia moja kwa moja kama mtu wa kudai kodi: mama nimefanya hivi, mama nataka vile. Hata wakati wa kuomba neno la ndoa hakumwamkia. Yeye ataanzaje kumjibu? Akijibu atakuwa ameitikia nini? Alisema hana neno na rangi ya mtu yeyote, lakini mwanamke anayemfundisha mwanaume kusahau shikamoo kabla hata ya ndoa, baada ya ndoa atamfundisha kusahau nini?

Nikasema kwa hasira kwamba mama anamsingizia. Mdogo wangu hajawahi kuniandikia barua ya mama bila shikamoo. Nimeziona zote kwa macho yangu.

Mama hakubishana. Akaenda chumbani, akaja na zile karatasi zimebanwa ndani ya kitabu cha tenzi, akazitandika mezani. "Nionyeshe," akasema.

Nilizishika moja moja. Juu kabisa palikuwa na ule mstari wa herufi ndogondogo ambao mtandao huchapa wenyewe, wa anwani ya ukurasa, ambao mtu akikunja karatasi harakaharaka anauona na kudhani kila kitu kimo. Chini yake barua inaanza: "Mama, nimeshahama ile nyumba." Nyingine: "Mama, kuna jambo nataka kukwambia." Shikamoo hakuna. Katika karatasi zote hakuna.

Nikazigeuzageuza nikiitafuta, ndipo nikakumbuka ni mahali gani kwenye kioo nilipokuwa naiona.

Mdogo wangu ni mtoto wa nyumba ile. Ukimfungulia ukurasa mtupu wa barua pepe, ukiacha cha anwani, kisanduku cha kwanza anachokutana nacho ni kile cha kichwa cha barua. Wazungu wanaandikamo habari ya barua inahusu nini. Yeye kisanduku cha kwanza aliona ndicho mlango, na mlangoni mtu anabisha na kusalimia. Kwa hiyo barua zake zote, tangu ya kwanza, kichwa kilikuwa "Shikamoo mama." Akishasalimia mlangoni, ndani anaingia na shughuli. Kwenye ile programu ya zamani kichwa kilichapwa juu ya barua, mama akakisoma. Kwenye huu ukurasa mpya wa fundi, kichwa kilikuwa kwenye kipande cha juu, barua kwenye kipande cha chini, vitufe pembeni. Mimi nilikuwa nasoma kwenye kioo, vipande vyote vitatu viko mbele yangu. Mama alikuwa anasoma kipande kimoja.

Nilimweleza mama hivyo. Alinisikiliza, akafunga kitabu chake cha tenzi, akasema maneno ni mazuri lakini yeye anataka kuiona hiyo shikamoo kwa macho. Sikumlaumu. Na mimi ningesema vilevile.

Jumatatu nilifika dukani nikakuta fundi amekwisha kuinama chini ya meza, anachomoa nyaya. Mangi amesimama na funguo za gari lake. Niliwaamkia, nikapita katikati yao, nikakaa kwenye kiti changu na kuuchomeka waya wa umeme tena.

Fundi akatabasamu. "Dada, tatizo liko ndani kabisa. Hii ni kupiga window tu."

"Mashine hii haipigwi window," nikamwambia. "Ukitaka kuichukua, nichukue na kiti."

Mangi akaanza habari ya kompyuta ni ya nani. Nikamwambia ni yake, na printa ni yake, na wateja wanaokimbia ni wake pia, na nikamuuliza, kabla ya fundi kuja mara ya kwanza, kuna mteja yeyote aliwahi kurudisha karatasi? Akafikiri. Mangi ana ubaya wake lakini kumbukumbu yake ya biashara ni nzuri. Akasema hapana. Nikamwambia basi ugonjwa uliingia na dawa, na leo anataka kuongeza dozi.

Nilikuwa naongea kwa kiburi tu. Nilijua tatizo liko wapi, sikujua bado mlango wake. Nikaunganisha laini, nikafungua barua ya mdogo wangu, nikaenda kwenye kuprinti, na badala ya kubonyeza sawa kama nilivyofanya kila siku, nikasoma kila neno kwenye kile kidirisha. Chini kabisa palikuwa na machaguo matatu: uchape kile kipande kilichobonyezwa mwisho, au vipande vyote kimoja kimoja, au ukurasa wote kama unavyoonekana kwenye kioo. Nukta ilikuwa kwenye la kwanza. Ndiyo maana aliyebonyeza pembeni alipata vitufe, na mimi niliyekuwa nabonyeza katikati ya barua nilipata barua isiyo na kichwa.

Nikahamisha nukta, nikabonyeza sawa. Printa ikaguna, ikatoa karatasi, na juu yake, kwa herufi nene: Shikamoo mama.

Fundi aliisoma, akasema kwamba kumbe ni fremu tu, yaani vile vipande vya ukurasa. Hata jina alilijua. Nilitaka kumwuliza kwa nini alitaka kubomoa nyumba kwa ajili ya dirisha lililofunguliwa upande, lakini nikaona muda wangu una kazi nyingine. Nikaziprinti zote upya.

Sikumtuma mtu. Nilipanda mwenyewe tena, jua likiwa bado juu, nikampa mama karatasi zake akiwa shambani. Alifuta mikono kwenye kanga, akasoma mstari wa kwanza tu wa kila moja, akaenda ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho. Nikatoa penseli ili aandike majibu nikayachape. Akakataa. Akasema marahaba haiagizwi mtu. Kesho yake alishuka nami Ngarenaro, amevaa kitenge cha kanisani.

Mangi alimwamkia na kumpa kiti kizuri cha mbele. Mama akataka cha nyuma, cha mbele ya kioo. Nikamfungulia barua ya kwanza kati ya zile ambazo hakuzijibu, nikabonyeza jibu, nikamwonyesha kisanduku cha kichwa. Alitafuta herufi kwa kidole kimoja, moja moja, kama anayechambua mchele. Marahaba. Nikamwambia sasa aandike barua yenyewe chini. Akasema bado.

"Twende kwa nyingine."

Nilimweleza kwamba anaweza kuitikia mara moja tu, mdogo wangu ataelewa. Mama akanitazama. Akauliza kama mtu akipita mlangoni kwangu kila asubuhi na kuniamkia, mimi nanyamaza siku zote halafu siku ya mwisho nasema marahaba ya jumla. Nikafungua ya pili.

Alijibu zote. Katikati mtu wa mbele akanyanyua simu kuagiza mkanda wa feni na laini ikakatika, tukaanza kuunganisha upya, modemu ikilia. Wateja walikuwa wamepanga mstari mpaka kwenye rafu ya mafuta ya breki. Mangi akaja kunong'ona kwamba mama angeweka salamu zote kwenye barua moja. Nikamwambia akamwambie mwenyewe. Akamtazama mama, ule mgongo ulionyooka ndani ya kitenge, akarudi mbele na nikamsikia akiwaambia watu wote dukani wasiguse simu.

Ikabaki ile ya mwisho, ya kuomba neno la ndoa. Mama aliandika marahaba yake juu kama nyingine zote. Halafu, kwa mara ya kwanza siku ile, akaomba nimwonyeshe mahali pa chini, pale barua inapoanzia. Aliandika muda mrefu, na sikuchungulia mpaka aliponiambia nisome kama herufi ziko sawa.

Alikuwa ameandika: "Oa mwanangu. Nimekuitikia. Umlete mkeo aje anisalimie mwenyewe, nami nitamwitikia."

Nikabonyeza, ikaenda.